Manahodha Wengi, Chombo Kimoja

Wahenga wetu wa pwani wametuachia methali mbili ambazo, ukizitazama kwa haraka, utadhani zagombana. Moja yasema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ya kwanza yatuita tukusanyike. Ya pili yatuonya na mkusanyiko. Sasa, ndugu msomaji, tushike ipi? Mtu mwenye jambo zito nyumbani kwake, au watu wa mtaa wenye shida ya maji, waitane wote washauriane, au wamwachie mmoja aamue?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kila siku majumbani mwetu mirathi hugawanywa, binti huposwa, mgonjwa hutafutiwa matibabu, kiwanja huuzwa. Katika kila jambo la namna hiyo huitwa kikao, na mara nyingi, kikao kikisha kwisha, kuna mtu mmoja aliyebaki na maumivu, naye hakuumizwa na jambo lenyewe bali na namna shauri lilivyoendeshwa. Kwa hiyo yatupasa tulitazame suala hili kwa utulivu, tujue ni lini wingi wa watu hujenga na ni lini hubomoa.

Sanduku la mchanga

Nimeona vyema tuanze na chombo kimoja cha kisasa, kwani wakati mwingine chombo hutuonyesha jambo ambalo maneno matupu hayalionyeshi.

Mwaka 2012 mtafiti aitwaye Oliver Kreylos, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, alitengeneza sanduku la mchanga lisilo la kawaida. Sanduku lenyewe ni la mbao, urefu wake kiasi cha mita moja, nalo limejazwa mchanga. Juu yake zimefungwa kamera na projekta. Kamera hiyo kazi yake si kupiga picha za sura za watu, hupima umbali. Yajua ni wapi mchanga umeinuka na ni wapi umeshuka, nayo huchukua vipimo mara 30 katika kila sekunde. Ni kamera ya aina ile ile ambayo kampuni ya Microsoft ilianza kuiuza mwaka 2010, kwa jina la Kinect, kwa ajili ya michezo ya kwenye televisheni. Vipimo hivyo huingia katika kompyuta, na projekta huangusha nuru juu ya mchanga. Palipo juu huvaa rangi ya mlima, palipo tambarare huwa kijani, palipo chini kabisa huwa buluu, na mistari ya kimo, kama ile ya ramani za shule, hujichora yenyewe.

Ukichota mchanga kwa mkono wako ukaumwaga mahali pengine, nuru hufuata. Bonde lililokuwa kijani huwa mlima mbele ya macho yako. Na ukinyoosha kiganja juu ya mchanga, kompyuta hukihesabu kiganja kuwa ni wingu: mvua ya nuru hunyesha, na maji ya nuru huteremka kwenye makorongo, hujaa katika mashimo, hufurika, hutafuta njia. Mwendo wa maji hayo haukubuniwa ili kupendeza. Hufuata hesabu ambazo wataalamu huzitumia kueleza mwendo wa maji ya kweli. Programu ya kazi hiyo ilitolewa bure, ndiyo sababu majumba ya makumbusho na shule za nchi nyingi zimeweza kujitengenezea masanduku yao.

Chombo hiki kilikusudiwa kufundisha habari za milima na mito. Lakini kwa kuwa sanduku lina pande nne na mchanga ni mmoja, kuna somo la pili linalojitokeza lenyewe. Watu wanne wakisimama, kila mmoja upande wake, huyu akachimba ziwa lake, yule akajenga kilima chake, punde si punde hugundua kuwa mchanga wa kilima umetoka katika ukingo wa ziwa la jirani, na kuwa maji ya huyu hayakukauka yenyewe, bali yamezibwa na yule. Hakuna haja ya mtu kupaza sauti. Nuru imekwisha kuonyesha. Macho yote yameelekea mahali pamoja, na mikono yote yaweza kufika.

Tulete mfano huo kwetu

Mimi nayaandika haya nikiwa Maposeni, wilaya ya Songea, mkoa wa Ruvuma, nchi ya wakulima wa mahindi, mbali na mawimbi mliyoyazoea nyinyi wasomaji wa Mombasa, Tanga, Unguja na Kilwa. Lakini maji ni yale yale. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro karibu na mji wa Songea, ukapita masafa marefu, ukaingia Bahari ya Hindi huko Mtwara. Tope linaloachiliwa huku juu lina safari yake hadi kwenu.

Basi tuseme sanduku kama lile limewekwa katika darasa moja la shule hapa Maposeni, na mchanga wake umefinyangwa ufanane na bonde lenye kijito. Wameitwa wakulima wa juu na wakulima wa chini. Wa juu wanataka kulima hadi ukingoni, kwani mahindi yanataka unyevu. Wa chini wanalalamika kuwa kiangazi kijito hakifiki kwao, na masika hufika na tope. Kikao cha kawaida kingeanza kwa lawama: nyinyi mnatuonea, nanyi mna husuda. Lakini mbele ya sanduku mkulima wa juu angeweza kuombwa afanye kwa mkono wake kile anachokitaka, kisha mvua inyeshe, na wote waone maji yamekwenda wapi. Ugomvi uliokuwa baina ya mtu na mtu hugeuka kuwa kazi baina ya watu wote na maji. Hii ndiyo faida kubwa ya kutazama kitu kimoja pamoja, wala tusiidharau.

Wala wenyeji wa nchi hii hawakuhitaji nuru ya projekta ili wajue hayo. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga, ambao wanakaa kwenye miteremko mikali, wamekuwa wakilima kwa mashimo yaitwayo ngoro tangu zamani. Majani hufyekwa, hulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana kama nyuzi za wavu, kisha udongo huchimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kufunika majani yale. Hapo hupatikana matuta yenye mbolea pembeni na shimo katikati, na mvua inaponyesha maji hutulia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kuyalaza majani, na wanawake hufukia na kupanda. Mlima mzima huwa kama sega la nyuki. Hebu fikiri: shimo la jirani wa juu likipasuka, maji yake huliangukia shamba la wa chini. Kwa hiyo hapana shamba la mtu mmoja katika mteremko. Sanduku la Davis lawafundisha wanafunzi kwa nuru yale ambayo mteremko wa Mbinga huwafundisha watu kwa njaa na shibe.

Kutazama si kushauriana

Hata hivyo, yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuonyeshwa jambo, na kushirikishwa katika jambo.

Kamera na projekta si wageni katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, mkoa wa Tanga. Waliolisimamia ni Waingereza wawili, Notcutt na Latham, na fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu za kilimo, za afya, za kuweka akiba benki, kisha zikazungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walikusanyika usiku, kitambaa kikatundikwa, nuru ikaangushwa. Wote walitazama mahali pamoja. Lakini mkono wa mtazamaji haukuweza kuligusa shamba lililokuwa kwenye kitambaa. Akiona kosa hakuweza kulisahihisha, wala akiwa na maarifa ya mababu zake hakuweza kuyatia humo. Jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla jua halijazama.

Vikao vingi vya siku hizi, katika nyumba na katika taasisi, ni vya namna ya Vugiri. Watu huitwa, huonyeshwa, huulizwa kama wana maoni, kisha huandikwa kuwa walishauriwa. Huko si kushauriana. Dalili ya kushauriana ni kuwa neno la mtu laweza kuibadilisha picha, kama vile mkono waweza kuubadilisha mchanga.

Nguo na mapanga

Sasa twafika penye fundo lenyewe. Tuseme watu wote wameona, na mikono yote imefika. Je, hapo shauri limekuwa jema? Wengi watajibu ndiyo. Mimi nasema bado, na ushahidi wangu ni visa viwili ambavyo kila mtoto wa chuoni amevisikia, lakini ni wachache waliopata kuviweka kimoja ubavuni mwa kingine.

Kisa cha kwanza ni cha kujengwa upya Al-Kaaba, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipokuwa na umri wa miaka 35, kabla ya kupewa utume. Ujenzi ulipofika pa kuliweka Jiwe Jeusi, koo za Makureshi ziligombana, kila ukoo ukiutaka utukufu huo, hata ikakaribia kumwagika damu. Wakaafikiana kuwa atakayeingia wa kwanza ndiye atakayeamua, na akaingia yeye. Hakuchagua ukoo. Aliagiza nguo, akaliweka jiwe katikati, akautaka kila ukoo umtoe mtu ashike upande wa nguo ile. Wakanyanyua wote pamoja, na lilipofika mahali pake akaliweka kwa mkono wake.

Kisa cha pili ni cha mwaka 622, miaka kiasi cha 17 baadaye. Wakubwa wa Makureshi walikusanyika katika Dar an-Nadwa, nyumba yao ya mashauri. Jambo lililokuwa mbele yao ni namna ya kummaliza Mtume (s.a.w.). Rai ikatolewa, rai ikapingwa, hata wakaafikiana juu ya moja: kila ukoo umtoe kijana mmoja mwenye nguvu, wote wampige kwa mapanga kwa pigo moja, ili damu yake igawanyike katika koo zote na jamaa zake wasiweze kumdai yeyote.

Ndugu msomaji, yatazame vizuri mambo haya mawili. Mji ni ule ule. Koo ni zile zile. Hata mbinu ni ile ile: kila ukoo mtu mmoja, kila mtu mkono wake, tendo moja la pamoja. Mtu anayepima mashauri kwa kuhesabu mikono atasema kuwa shauri la pili lilikuwa kamili kama la kwanza, kwani wote walisema na wote walishiriki. Na ilhali moja lilizuia damu isimwagike, na la pili lilikusudia kuimwaga.

Tofauti ilikuwa wapi? Utasema: katika nia. Ni kweli, lakini nia hufichika kifuani, nasi twataka alama inayoonekana. Alama yenyewe ni hii. Katika nguo, kila aliyeshika alizidi kuwajibika: angeachia upande wake, jiwe lingeanguka na kila mtu angemwona. Katika mapanga, kila aliyeshika alipungukiwa na uwajibikaji: wingi ulitafutwa ili asipatikane wa kuulizwa. Ushirika wa kwanza uligawa heshima na mzigo. Wa pili uligawa lawama hata ikawa vumbi.

Basi hapo pana mizani ya kupimia kila kikao. Je, wingi wetu unamfanya kila mmoja aulizike zaidi, au unampa kila mmoja mahali pa kujificha?

Na hapa ndipo sanduku la mchanga linapotuacha. Nuru yake huonyesha kuwa mto umezibwa, lakini mikono ilikuwa mingi, na baada ya dakika mbili hapana ajuaye ni nani aliyeuziba. Tena humo kosa halina bei. Kijiji cha nuru kikizama, mwanafunzi hupitisha kiganja akasawazisha mchanga, wakaanza upya huku wakicheka. Hilo ni jema kwa kujifunzia, kwani mtu hujifunza zaidi anapoweza kukosea bila kuogopa. Lakini atakayetoka hapo akidhani kuwa dunia nayo husawazishwa kwa kiganja amejifunza jambo la hatari. Huku Maposeni kijito kikihamishwa hakirudi kwa kupangusa, na huko kwenu tumbawe likivunjwa halikui kwa msimu mmoja.

Baruti ya Mtwara na mkutano wa Litowa

Tutazame sasa mambo mawili ya nchi yetu, moja la pwani na moja la bara, tuipime mizani yetu.

Katika miaka ya 1990, mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa na mpango wa maendeleo vijijini uliosaidiwa na Finland. Pwani yote ya kusini ilikuwa ikilia kwa uvuvi wa baruti. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na vifaranga pamoja, na huyavunja matumbawe wanamozaliana. Mmoja huvuna leo kile ambacho mamia wangekivua kwa miaka. Watu wa mpango ule walitumia kamera za video, lakini hawakuzitumia kama walivyofanya watu wa Vugiri. Wavuvi wenyewe walisema mbele ya kamera, picha zikaonyeshwa kwao na katika vijiji vingine, wakajadili, na maneno yao yakafikishwa mbele ya wakubwa. Mvuvi wa kijiji kimoja alimwona mwenzake wa mbali akisema machungu yale yale, akajua kuwa hayuko peke yake. Katika harakati hizo wavuvi wa vijiji vya pwani waliunda umoja wao walioupa jina la Shirikisho. Mwishoni mwa miaka hiyo Serikali ilituma hata wanamaji wa jeshi, na milipuko ikapungua sana. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Hapo watu waliona pamoja, walisema pamoja, na waliosema ndio waliokuwa wakiumia. Hiyo ndiyo nguo. Lakini kisa hakikuishia hapo, kwani katika miaka ya 2000 baruti ilirudi baharini. Kwa nini? Kwa sababu mpiga baruti hula faida peke yake na huugawa msiba kwa wote, na siku jicho la wenziwe linapolala, hesabu hiyo humvutia tena. Twajifunza kuwa jambo lililotatuliwa kwa pamoja halibaki limetatuliwa lenyewe. Upande wa nguo ukiachiwa hata baada ya miaka, jiwe huanguka.

Jambo la pili ni la huku Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na mwaka 1963 pakaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuja kuunganisha zaidi ya vijiji 10. Kiongozi wao mmoja mashuhuri alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na mshauri wao alikuwa Mwingereza Ralph Ibbott, aliyehamia na kuishi nao hapo Litowa. Watu walilima pamoja, wakakutana mara kwa mara, na mambo ya kazi na ya mavuno yakaamuliwa mikutanoni na wale wale watakaoyatenda. Walikuwa na shule yao na mashine ya kusaga. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao, na mengi waliyoyafanya yafanana na yale aliyoyaeleza mwaka 1967 katika andiko lake la Ujamaa Vijijini. Lakini mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho.

Sisemi haya ili kufufua ugomvi wa kisiasa wa watu waliokwisha kutangulia. Natazama umbo la jambo tu. Walioamua kuvunja hawakuwa wale wa kulala njaa kama shamba likifa. Wala katika kamati ile hapakuwa na mtu mmoja wa kumwendea na kumwambia: wewe ndiye. Uamuzi ulikuwa wa wote, kwa hiyo haukuwa wa yeyote. Yawezekana kila mmoja wao alikuwa mtu mwema nyumbani kwake. Hii ndiyo hatari ya kikao: kwamba watu wema, wakigawana jambo vipande vidogo vidogo, waweza kutenda lile ambalo hapana hata mmoja wao angelitenda peke yake.

Je, mjuzi hana nafasi?

Atasema msomaji: ikiwa kila mtu ataugusa mchanga, mjuzi ana kazi gani? Nahodha ajuaye mwamba asimamishwe sawa na abiria?

Jibu ni kuwa ujuzi una haki yake, lakini haki hiyo ni ya kusikilizwa, wala si ya kufunga midomo ya wengine. Katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipokabiliwa na majeshi, rai ya kuchimba handaki ilitoka kwa Salman Al-Farisi, mtu wa mbali, asiye na ukoo wa kumpa sauti katika nchi ya Waarabu. Ilikubaliwa kwa sababu ilikuwa rai njema. Na ilipokubaliwa, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichimba na kubeba udongo pamoja na watu wake. Hapo wapata mambo mawili kwa pamoja: mjuzi amesikilizwa bila kuulizwa kwao wapi, na mkubwa aliyeamua ameishika sehemu yake ya mzigo kwa mkono wake. Mjuzi wa namna hiyo hauogopi mkusanyiko, wala mkusanyiko haumwonei wivu.

Turudi majumbani

Mambo haya, ndugu msomaji, si ya mito na handaki tu. Yamo sebuleni mwako.

Chukua mfano wa mama mzee aliyepatwa na maradhi ya muda mrefu. Ana watoto sita. Mmoja, binti, anakaa naye. Humwosha, humlisha, huamka usiku. Watano wako Dar es Salaam, Muscat na London. Siku hizi kuna kikundi cha familia katika simu, na picha za mama hutumwa, na wote huziona kwa wakati mmoja. Kisha huja kuamua: asafirishwe au asisafirishwe, nyumba iuzwe au isiuzwe, aajiriwe mtu au asiajiriwe. Watano wanasema, wanaafikiana, wanashukuriana kwa kushauriana vizuri. Na binti yule, ambaye kila uamuzi utaangukia mgongoni mwake, ni sauti moja kati ya sita. Yeye akisema hawezi, huambiwa kuwa wengi wameamua.

Hapa nuru ipo na mikono ipo. Kilichokosekana ni kuwa waamuzi hawakushika nguo. Wameshika simu tu. Haki ingetaka yule anayeubeba mzigo asikilizwe kwanza, na kila atakayetia neno aseme pamoja na neno lake ni sehemu gani ya mzigo ataichukua: huyu fedha ya kila mwezi, huyu miezi miwili ya likizo, huyu safari ya hospitali. Neno lisilo na mzigo liwe ushauri, lisiwe kura. Kanuni hii peke yake ingezuia machozi mengi katika nyumba zetu.

Na vivyo hivyo katika kamati za misikiti, za shule, za vyama vya mazishi na vya akiba. Pasemwe ni nani atafanya nini, na jina lake liandikwe. Likiharibika, asijifiche nyuma ya neno "tuliamua." Wala asitupiwe yeye peke yake lawama ya wote. Kila mmoja na upande wake wa nguo.

Basi ukiitwa katika shauri lolote, jiulize maswali matatu kabla hujakaa. La kwanza: je, sote twaona jambo lile lile, au kuna mwenye kujua kinachofichwa? La pili: je, neno langu au la yule mnyonge pale pembeni laweza kuibadilisha picha, au tumeitwa kutazama tu? La tatu, nalo ndilo zito: likiharibika, nani ataumia, na je, yumo humu ndani? Mawili ya kwanza kamera na nuru zaweza kutusaidia, na tusione haya kuvitumia vyombo vizuri popote vilikotengenezwa. La tatu hakuna chombo kitakachotujibia.

Sasa methali zetu mbili zaona njia ya kupatana. Vidole vingi huvunja chawa kwa kuwa vyote ni vya mkono mmoja. Kimoja kikiumia, mkono mzima husikia. Na manahodha wengi hukiyumbisha chombo pale ambapo kila mmoja ana ngalawa yake ya siri ya kukimbilia. Kwa hiyo usiwahesabu manahodha. Mtazame kila mmoja wao ukaulize kama naye yumo chomboni. Mwenye kuweza kushuka na kurudi nchi kavu peke yake, mpe kiti, mpe kahawa, msikilize kwa adabu; lakini usukani usimpe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoshika upande wao wa nguo wala hawauachii.